Ofisa wa manowari bila manowari: yule Mjerumani wa Königsberg alipandaje cheo akiwa huku kwetu Lindi kwa miguu?

#1 Korosho Ghafi
Wakuu, habari za jioni.
Jana nilikuwa Mtama nasubiri gari la kwenda Lindi, wazee wawili kijiweni wakashikana ubishi hadi kahawa ikapoa. Mmoja anasema vita ya kwanza ya dunia mkubwa mmoja wa manowari ya Kijerumani alipigana huku kwetu, toka Lindi mpaka juu Umakonde, kwa miguu kama sisi. Meli yake ilizama hapahapa mto wa Lindi, upande wa Kitunda. Hana meli, hana mabaharia wa maana, lakini cheo kinapanda tu mpaka akawa admirali.
Mzee wa pili akasema huo ni uongo wa mchana. Ofisa akipoteza meli anawekwa ndani, hapandishwi.
Gari likaja, sikusikia mwisho. Wajuvi wa historia, nani kati yao yuko sawa?

#2 Fundi Saa
Naweka mkeka hapa.

#3 Ngalawa ya Zamani
Mzee wa kwanza kachanganya madesa. Meli ya Wajerumani iliyozamishwa ni hiyo Liemba ya Kigoma, mpaka leo ipo. Mambo ya Lindi hayamo.

#4 Chumvi ya Mikindani
Ngalawa, wewe ndiye umechanganya. Liemba ilikuwa ikiitwa Graf von Goetzen, ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, Waingereza wakaiibua baadaye. Huyu anayesemwa ni wa baharini.
Mzee wa Mtama anamsema Max Looff, mkuu wa manowari Königsberg. Kazaliwa Strasbourg 1874, enzi hizo mji uko Ujerumani, leo uko Ufaransa. Manowari iliingia Dar es Salaam Juni 1914, vita haijaanza. Ikatoka bandarini mwisho wa Julai. Agosti 6 ikakamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, huko upande wa Aden. Septemba 20 alfajiri ikaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga Unguja inatengeneza mitambo, ikaipiga mpaka ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa. Aliyewahi kwenda kisiwa cha Chapwani kayaona makaburi.
Baada ya hapo mashine za Königsberg zikaanza kusumbua na makaa yakawa shida, ikajificha delta ya Rufiji. Ikakaa humo mpaka Julai 11, 1915. Kwa hiyo meli haikuzama Lindi. Ilizama RUFIJI. Hapo mzee wa kwanza kateleza, lakini mengine yote kasema kweli.

#5 Korosho Ghafi
Asante mkuu Chumvi. Kwa hiyo hiyo meli ya mto wa Lindi kaitoa wapi? Alikuwa anaapa kabisa.

#6 Mwana Kitunda
Hakuitunga. Meli ilikuwepo, ila nyingine. Ilikuwa meli ya abiria na mizigo ya Kijerumani, inaitwa Präsident, imepanda mto Lukuledi kujificha, imejifanya meli ya hospitali. Oktoba 1914 manowari ya Kiingereza Chatham ikaja hapo mdomoni, wakatuma boti ndogo ikapanda mto mpaka ilipo. Ndani hakuna mgonjwa hata mmoja. Wakaharibu mitambo yake, wakapekua makabati. Katika makaratasi wakakuta ushahidi kuwa kuna makaa yalipelekwa Salale, Rufiji.
Mnaona sasa? Mjerumani kajificha Rufiji, siri yake imetoka Lindi. Mwisho wa mwezi uleule Chatham ilikuwa imeshamwona.
Sisi wa Kitunda tukivuka na pantoni kila siku hatujui tunapita juu ya nini.

#7 Bingwa wa Bao
Kumbe Lindi ndiyo ilimchoma Mjerumani 😂 Halafu akaja kuhamia kwetu. Si angeomba hata radhi.

#8 Mstaafu Kigamboni
Vijana, hamjambo. Nimekula chumvi nyingi kwenye Kamandi ya Wanamaji, sasa nalima mihogo na mikorosho yangu michache. Niwaeleze hili la cheo maana ndilo swali.
Jeshini kuna cheo na kuna madaraka. Cheo ni cha mtu, kiko begani au mkononi mwake. Madaraka ni kiti. Ukuu wa meli ni kiti. Meli ikizama kiti kimekwenda chini, cheo kimebaki na wewe kwenye boti ya uokozi ukilowa. Mzee wa pili wa Mtama anadhani cheo kimefungwa na meli kama ng'ombe na kamba. Sivyo.
Na kupanda kule ni foleni. Majina yamepangwa kwa tarehe za kupewa cheo. Wa mbele yako akistaafu au akifa, wewe unasogea. Vita ikiwa kubwa foleni inakwenda mbio. Huyo Looff alikuwa kwenye orodha Berlin, hata kama yeye mwenyewe alikuwa anakula mtama Mingoyo. Simwoni kama ni muujiza.

#9 Ngalawa ya Zamani
Shikamoo mzee. Sawa nimekubali la Liemba. Lakini vitabu vinamwita "Kapteni Looff". Kapteni si cheo kidogo tu, chini ya meja? Huyo admirali katoka wapi?

#10 Mstaafu Kigamboni
Marahaba. Hapo ndipo watu wengi huanguka. Kapteni wa nchi kavu ana kombania moja. "Kapteni" wa majini kwa mataifa hayo ni mtu mzito, sawa na kanali. Looff alikuja huku na cheo kinacholingana na luteni kanali. Mwaka 1917 Wajerumani wenzake walikuwa wanamwandika Kapitän zur See, yaani huyo aliye sawa na kanali. Akitoka hapo ngazi inayofuata ni ya maadmirali.
Sisi kwetu ilikuwa tofauti kwa miaka mingi. Tumetumia majina yaleyale ya jeshi la nchi kavu, luteni usu, luteni, kapteni, meja, mpaka juu. Kamanda wetu alikuwa anaitwa Meja Jenerali ingawa kazi yake ni bahari. Ni miaka ya karibuni tu mmeanza kusikia kwenye taarifa za habari kamanda anaitwa Admirali.

#11 Mjukuu wa Mpagazi
Niingie hapa maana hili linanigusa nyumbani.
Babu mzaa baba yangu alikuwa wa Nyangao. Baba yake yeye alichukuliwa upagazi vita ile. Aliporudi hakurudi na hela wala karatasi. Alirudi na ganda la shaba la risasi ya mzinga. Mpaka leo lipo. Bibi alikuwa analitumia kama kinu cha ugoro, miaka na miaka, anatwanga kwa mchi mdogo wa mpingo. Ukilinusa leo bado unapiga chafya.
Nyumbani tumekuwa tukiliita "ganda la meli". Babu akisema hivyo sisi watoto tunacheka, meli gani ya Nyangao, kuna mbuga na mihogo tu. Leo nasoma uzi huu nywele zimenisimama.

#12 Chumvi ya Mikindani
Mjukuu, usicheke tena. Babu yenu alikuwa sahihi uwezekano mkubwa.
Königsberg ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105. Meli ilipozama kwenye maji mafupi ya Rufiji, mizinga iliokolewa yote kumi, ikapelekwa Dar es Salaam, mafundi wakaitengenezea magurudumu. Ikagawanywa kwenye vita ya nchi kavu, mingine ikavutwa mpaka huku kusini. Waliovuta si mabaharia wa Kijerumani. Ni babu zetu, kwa kamba. Mmoja wa mizinga hiyo uko Fort Jesus, Mombasa, umewekwa pamoja na wa Pegasus. Adui wawili wamekaa ua mmoja wanapigwa picha na watalii.
Na Nyangao na Mahiwa ndipo palipopigwa vita kubwa kuliko zote huku, Oktoba 15 mpaka 18, 1917.

#13 Korosho Ghafi
Mjukuu weka picha ya ganda!

#14 Binti Mingoyo
Samahani niwakatishe kidogo. Toka posti ya 1 mpaka ya 13 mnahesabu nyota za Mzungu mmoja. Waliobeba je? Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, pande zote mbili, kwa njaa, kuhara na mizigo. Kariakoo ya Dar jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Mwingereza. Huko Rufiji wenyewe, mitambo ya Königsberg ilipoharibika vyuma vilifunguliwa vikakokotwa porini mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, halafu vikakokotwa tena kurudi. Walitumwa watu maelfu. Mtu gani kati yao alipandishwa cheo?
Halafu baada ya vita huku kusini ikaja njaa. Bibi yangu alizaliwa humo. Kwao walikuwa wanachimba mizizi porini.

#15 Mjukuu wa Mpagazi
Binti Mingoyo umesema kweli. Kwetu jina la huyo babu lilipotea kabisa, limebaki ganda.

#16 Bingwa wa Bao
Dada yangu Mingoyo umenikomesha, nilitaka kutania hapa. Ila nitatania tu: neno machinga asili yake ni Wamachinga wa Lindi, wanatembeza bidhaa bila fremu. Sasa Looff alivyofika Lindi bila meli, anatembeza mizinga porini, si machinga huyo? Wa kwanza kabisa wa Kizungu 😂😂

#17 Fundi Saa
😂 na alifukuzwa kama machinga pia.

#18 Chumvi ya Mikindani
Turudi kwenye kazi yake maana naona kuna kipande kimerukwa. Baada ya meli kuzama alipewa ulinzi wa Dar es Salaam. Waingereza walipochukua mji Septemba 1916, akaja kusini. Na mwezi uleule Waingereza walikuwa wameshashuka Mikindani na Lindi kwa baharini. Kwa hiyo wazee wanaposema "alikuwa Lindi", si Lindi mjini. Mjini yuko Mwingereza. Looff yuko nje, mabonde ya Lukuledi, amemzunguka Mwingereza asitoke. Juni 1917 Mwingereza akaanza kusukuma kutoka mjini kwenda bara, na upande wa Wajerumani kamanda wa mbele ya Lindi alikuwa huyu mtu wa meli. Baadaye akaja Jenerali Wahle kuchukua uongozi wa upande huo.

#19 Ngalawa ya Zamani
Jenerali mwingine tena? Walikuwa na majenerali wangapi msituni humo?

#20 Chumvi ya Mikindani
Wahle alikuwa jenerali mstaafu. Alikuja kumtembelea mwanawe koloni, vita ikamkuta hapo, akavaa tena sare. Kwa cheo cha ustaafu alikuwa juu ya Lettow-Vorbeck mwenyewe, mkuu wa jeshi lote la Wajerumani huku, lakini akakubali kuwa chini yake.

#21 Mstaafu Kigamboni
Hilo la Wahle ni la kupigiwa saluti. Si rahisi. Nimeona watu wakinuniana kwa tofauti ya miezi miwili ya kupanda.

#22 Mnadani Masasi
Basi hapo ndipo jibu langu lilipo, na halifanani na la mzee wetu wa Kigamboni. Foleni siikatai. Lakini fikirieni: 1914 Lettow-Vorbeck alikuwa luteni kanali. Looff naye cheo chake kinalingana na luteni kanali. Fahali wawili. Mmoja wa majini, mmoja wa nchi kavu, kila mmoja ana wakubwa wake Berlin. Looff aliposhuka kwenye meli na watu wake mia kadhaa akawa lazima amtii mwenzake. Mimi naona Berlin walikuwa wanampandisha ili asijione ametupwa. Cheo cha kubembelezea.
Na angalieni mwisho wake. Novemba 1917 Lettow anajiandaa kuvuka Ruvuma. Anachagua wa kwenda naye, wenye afya, kama bunduki 2,000. Waliobaki juu Umakonde wakachukuliwa mateka. Looff ni miongoni mwa waliochukuliwa mateka Novemba ile. Lettow akavuka Ngomano Novemba 25, mwenyewe kashapewa ujenerali. Fahali mmoja kabaki zizini.

#23 Mwana wa Sudi
Masasi unapenda umbea mpaka wa mwaka 1917.

#24 Mnadani Masasi
Umbea wenye tarehe unaitwa historia kaka.

#25 Mstaafu Kigamboni
Mnadani, umejenga nyumba nzima juu ya msumari mmoja. Mtu wa miaka 43, kazoea kulala kwenye chumba cha meli na kuhudumiwa chai, miaka miwili anatembea msituni kwa malaria. Kubaki na wagonjwa hakuhitaji fitina. Na katika jeshi wagonjwa na majeruhi mia kadhaa hawaachwi bila mkubwa. Lazima abaki mwenye cheo wa kuzungumza na adui. Unamwacha nani? Unamwacha yule ambaye hata akienda huna meli ya kumpa.

#26 Mnadani Masasi
Mzee wangu sikubishii kwa ubaya. Lakini umekubali mwenyewe kuwa hakuwa na kazi!

#27 Mwana wa Sudi
Jamani mnamsifu na kumsema mtu wa Rufiji mnasahau kwetu. Machi 1916, ghuba ya Sudi, iliingia meli ya Kijerumani Marie. Imetoka Ulaya, imezunguka Afrika nzima, imepenya katikati ya doria za Waingereza. Nahodha wake Sörensen, cheo chake ni luteni tu wa akiba. Mlango wa Sudi mnaujua ulivyo mwembamba, mikoko huku na huku. Meli ya baharini ikaingia humo ikajifunika matawi ya mikoko.
Ilishusha mizinga minne aina ya hauza, ile mifupi ya kurusha juu, miwili ya milimani, risasi, dawa, nguo. Na risasi za mizinga ya Königsberg. Mzigo wote ukapanda vichwani mwa watu, kilomita kwa kilomita. Waingereza walipogundua Aprili wakaja kuipiga. Wakaitoboa. Wakaondoka wakidhani imekwisha. Jamaa wakaziba matundu, usiku mmoja wakatoka nayo kimyakimya mpaka Batavia, Jakarta ya leo.
Huyo ndiye mwanamaji. Looff kaingiza meli mtoni ikashindwa kutoka. Sörensen kaingiza, kashusha, katoka. Niambieni nani alistahili uadmirali.

#28 Korosho Ghafi
Aisee Sudi naenda kununua pweza kila mwezi sijawahi kuambiwa haya.

#29 Chumvi ya Mikindani
Sudi, usimwonee Looff. Marie aliingia, akakaa wiki chache. Looff alikaa Rufiji kuanzia 1914 mpaka katikati ya 1915, na muda wote huo Mwingereza alilazimika kufunga meli zake hapo mdomoni zinasubiri. Walizamisha hata meli nzee, Newbridge, kuziba njia. Ikabidi walete meli mbili za pekee, Severn na Mersey, zenye kitako bapa za kupita maji mafupi. Awali zilijengwa kwa ajili ya Brazili. Wakaleta ndege ziangalie risasi zinatua wapi. Julai 6 wakashindwa, Julai 11 wakarudi ndipo wakaimaliza.
Meli moja mbovu isiyo na makaa imeshikilia kundi zima. Hiyo kwa watu wa majini ni ushindi, hata kama imezama. Nadhani ndiyo maana walimpandisha. Si foleni wala si kubembelezwa. Alilipwa.

#30 Fundi Saa
Jibu la tatu hilo. Foleni, kubembelezwa, malipo. Endeleeni, mimi nakunywa uji.

#31 Mjukuu wa Mpagazi
Nimerudi. Picha inakataa kupanda, mtandao wa huku mnaujua. Nieleze kwa maneno.
Limekatwa juu. Inaonekana fundi alilikata ili bibi aweze kuingiza mkono. Ukingo umepigwa nyundo ukalala nje kidogo. Nimepima na rula ya mwanangu ya shule, upana wa mdomo sentimita 11 na milimita 4. Urefu uliobaki ni shubiri moja na vidole vitatu. Rangi nje kama chai iliyolala, ndani nyeusi tii.
Mizinga ya Königsberg ni sentimita 10 na nusu. Kwa hiyo si yake?

#32 Mstaafu Kigamboni
Usikate tamaa. Ganda la mzinga si bomba lililonyooka. Ni jembamba mdomoni, linapanuka kuelekea kitakoni. Ukilikata katikati unapima tumbo, si mdomo. Kwa hiyo hiyo 11.4 haikanushi.

#33 Mwana wa Sudi
Lakini na hauza za Marie nazo zilikuwa milimita 105! Ganda linaweza kuwa limeshuka Sudi, halina habari na Königsberg.

#34 Mstaafu Kigamboni
Kweli kabisa. Tofauti ni urefu. La mzinga wa meli ni refu, la hauza ni fupi nene. Sasa hili limekatwa, urefu wa mwanzo hatunao. Bibi katuharibia ushahidi kwa ugoro.

#35 Bingwa wa Bao
Bibi kaficha siri ya jeshi mpaka kaburini. Huyo ndiye apewe uadmirali.

#36 Chumvi ya Mikindani
Mjukuu, geuza utazame kitako. Mali ya jeshi la majini la Kaiser iligongwa muhuri wa taji na herufi M. Ukiuona huo, basi ni ganda la wanamaji, si la hauza ya jeshi la nchi kavu.

#37 Mjukuu wa Mpagazi
Kitako kimesagika. Kinu kilikuwa kinakaa juu ya jiwe lilelile pembeni ya jiko. Nimepaka ndimu na majivu nikasugua. Kuna herufi mbili sizielewi, kuna tarakimu inaonekana 13 au 18. Pembeni kuna alama ina ncha tatu juu. Mke wangu anasema taji. Mwanangu anasema jogoo.

#38 Binti Mingoyo
😂😂 Mimi naamini mtoto.

#39 Kijana wa Nanganga
Samahani wakuu naingilia. Mzee Mstaafu shikamoo. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, anataka uofisa wa majini. Kuna jirani kamwambia apitie Chuo cha Bahari Dar es Salaam ndiyo njia. Ni kweli?

#40 Mstaafu Kigamboni
Marahaba mwanangu. Vitu viwili hivyo. Chuo cha Bahari kinatoa mabaharia wa meli za biashara na wahandisi wake, kazi nzuri na yenye mshahara mzuri. Ukitaka jeshi, unapita jeshini. Anaenda JKT, nafasi za JWTZ zikitangazwa anaomba, anafanyiwa usaili na vipimo vya afya. Akichaguliwa uofisa anakwenda chuo cha kijeshi Monduli, akimaliza anavishwa cheo cha luteni usu. Ubaharia wa kijeshi anaendelea kusomeshwa baada ya hapo. Kamandi yetu ilianzishwa miaka ya mwanzo ya 70 kwa msaada wa Wachina, na wengi wetu wa zamani tulifundishwa na hao hao.
Asilipe mtu hela ya "kumuunganishia". Akisikia hivyo akimbie.
Na ajue kuogelea kabla hajaenda. Nimeona vijana wa Lindi, watoto wa pwani, wanaingia majini wanashika ukingo kama paka.

#41 Kijana wa Nanganga
Asante sana mzee. Anajua kuogelea, kajifunzia bwawani kwetu.

#42 Bingwa wa Bao
Bwawa la Nanganga na mamba wake? Basi huyo keshafuzu.

#43 Ngalawa ya Zamani
Swali dogo. Nilisikia Wajerumani walituma ndege kubwa ya puto kuja Umakonde. Hiyo nayo hadithi ya kijiweni?

#44 Chumvi ya Mikindani
Ni kweli, na ilikuwa ya jeshi la MAJINI pia. L 59, mkuu wake Bockholt. Iliondoka Jamboli, Bulgaria, Novemba 21, 1917, imejaa dawa na risasi za Lettow, itue Umakonde na isirudi. Hata kitambaa chake kilipangwa kishonewe mahema na nguo. Ilifika Sudan ikaitwa irudi. Ilikaa angani saa 95, kilomita 6,757. Sababu ya kuitwa wanabishana mpaka leo: wengine wanasema Berlin walipata habari kuwa Umakonde umeshachukuliwa, wengine wanasema Waingereza walituma ujumbe wa uongo kwa redio.
Na siku hizohizo ndizo Looff alizotekwa. Angeifikia meli ya hewani baada ya kupoteza ya majini.

#45 Newala Juu
Na ingetua ingefanya nini? Watu mia kadhaa na hakuna maji. Hapa kwetu miaka hiyo maji unateremka bondeni alfajiri unarudi jua la saa nne. Mimi nasema Looff alisalimu amri kwa KIU. Hakuna jibu lingine. Nyie wa pwani hamuwezi kuelewa.

#46 Mnadani Masasi
Jibu la nne. Lakini hili la Newala lina mantiki kuliko la mzee 😂

#47 Mstaafu Kigamboni
Nimelikubali nusu.

#48 Korosho Ghafi
Wakuu, leo nilipita tena Mtama kwa makusudi. Mzee wa kwanza nimemkuta, nikamsomea posti ya 4 na ya 6 kwenye simu. Alipofika kwenye Präsident akaniambia, "Si nilisema meli ilikuwa Lindi?" La Rufiji hakutaka kulisikia. Nikamuuliza kwa nini Looff alipandishwa. Akasema, "Kwa sababu hakukimbia." Yule wa pili alikuwepo pembeni, akasema hakukimbia kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia, meli imezama.
Wakaanza upya.

#49 Binti Mingoyo
Mjukuu, la kwako umefikia wapi? Tupe M au tupe jogoo.

#50 Mjukuu wa Mpagazi
Nilitaka kulipeleka kwa fundi mmoja mjini mwenye miwani ya kukuzia. Nikaenda kulichukua sebuleni halipo. Mke wangu kalijaza pilipili manga, kaliweka juu ya kabati, anasema kama ni la admirali au si la admirali, yeye kesho ana wageni na anapika pilau. Nitapima tena Jumatatu.